Slaidi za kusimama nazo na slaidi za kutuma zisiwe faili moja

Jamani wasanii wenzangu, hili la slaidi naomba tuliongee kwa uzito, maana kila msimu wa kuomba fedha naona miradi mizuri inaishia kwenye projekta, na wazo lenyewe wala halina shida, ila mtu kasimama mbele ya jopo anasoma maneno ya ukutani, wanajopo nao wanasoma, tena wao wanamwahi, wakimaliza wanashika simu zao.

Siku hizi kazi yangu kubwa ni kukaa na wapigapicha, watu wa filamu na watu wa jukwaani tukipanga hizo prezentesheni, na cha kwanza nnachomwambia kila mtu ni tengeneza faili mbili. Moja ya kusimama nayo, picha kubwa maneno machache, bila wewe kuongea haieleweki na ndo inavyotakiwa iwe. Ya pili ya kutuma kwa imeili, hiyo weka kila kitu, bajeti, ratiba, wasifu wa timu, kwa sababu mtu ataisoma ofisini kwake wewe haupo. Wengi wanalazimisha faili moja ifanye kazi zote mbili, mwisho wa siku ukumbini inachosha na ofisini haijitoshelezi.

Nitoe mfano. Kuna dada mpigapicha ana mradi wa mafundi majahazi wa Nungwi, Unguja. Slaidi yake ya kwanza ilikuwa na kichwa "Utangulizi", chini vidoti kibao, umuhimu wa urithi, malengo ya jumla, malengo mahsusi. Huko karibu na mwisho ndo unakutana na kapicha kadogo kwenye kona, mkono wa fundi anatia kalafati, uzi wa pamba unagongewa kwenye mwanya wa mbao mbili, kucha zote nyeusi kwa mafuta. Nikamwambia dada, mradi wako ni huu hapa, hii iwe ya kwanza, ijaze skrini nzima, usiandike hata neno, wewe simama useme fundi anafanya nini na hiyo pamba isipokaa sawasawa chombo kinapata nini huko baharini. Watu wakishataka kumjua huyu fundi ni nani, hapo sasa waambie unachotaka kufanya.

Na hili la kuzika jambo kuu huko chini limewahi kuonekana mahali pazito kuliko sanaa. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiliporuka, kipande cha povu gumu la kukinga tangi la mafuta kilichomoka kikagonga bawa, na wakati wanaanga bado wako juu, wahandisi wa Boeing wakaandaa slaidi za kuwaeleza NASA, shirika la anga la Marekani, ukubwa wa hatari. Kichwa cha slaidi moja kilikuwa kinatuliza moyo. Mstari wa mwisho kabisa, chini, ndo ulisema kipande kilichogonga kinakadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920 wakati kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa na 3 tu. Tarehe 1 Februari chombo kikasambaratika kikirudi, watu 7 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini tume ya uchunguzi iliiweka slaidi ile kwenye ripoti yake pamoja na uchambuzi wa Edward Tufte, mtaalamu wa namna ya kuonyesha taarifa na takwimu. Tangu nisome habari ile siachi mtu aandike kichwa cha neno moja. Badala ya "Bajeti" andika "Milioni 24 zinatufikisha kwenye maonyesho Mji Mkongwe", yaani hata aliyechelewa kuingia akiona kichwa tu kaelewa.

Tukija kwenye hela sasa, hapa wasanii tunaona haya sana. Mtu anaongea vizuri mpaka afike kwenye kiasi, sauti inashuka, slaidi inapita kwa kasi. Usifanye hivyo, taja kiasi, nyamaza kidogo, halafu sema hela inaenda wapi kwa vitu vinavyoonekana, siku za kurekodi, watu wangapi, boti, chakula, kuchapisha picha, malipo ya mafundi wenyewe. Na ule mstari wa "mengineyo" ukiwa mnene jua utaulizwa, tena utaulizwa wa kwanza.

Mazoezi. Napenda sana mtindo wa PechaKucha, ulianzishwa Tokyo 2003 na wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, slaidi 20 kila moja sekunde 20 na zinajipeleka zenyewe, jumla dakika 6 na sekunde 40. Hata kama jopo halikuomba hivyo fanyia mazoezi hivyo nyumbani, utagundua haraka sana ni slaidi gani huna cha kusema juu yake, hiyo itoe.

Ukiwa pale mbele usiipe jopo mgongo. Kama unatumia PowerPoint kuna kitufe B, ukikibonyeza katikati ya onyesho skrini inakuwa nyeusi, macho yote yanarudi kwako, mimi nashauri ukitumie pale unapoeleza kwa nini wewe ndo wa kuufanya mradi huu, maana hapo hawahitaji picha wanahitaji kukuona. Video iwe kwenye laptopu, intaneti ya ukumbini usiitegemee, na beba pia nakala ya PDF sababu ukihamia kompyuta nyingine fonti zinabadilika maneno yanavurugika yote.

Ile faili ya pili itume siku hiyohiyo, ipe jina la mradi na jina lako, isiwe "final final 3", na kama kuna swali uliulizwa ukalijibu nusunusu, jibu lake kamili liweke kwenye hiyo imeili mistari miwili mitatu ya juu.