Tulikosa kiwanda cha pipi, tukaenda kuona jagari

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenitia katika mambo haya. Alikuwa jikoni kwangu hapa Kisumu akimumunya pipi, ile nyeupe yenye ua jekundu katikati. Akaitoa mdomoni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza: "Senje," yaani shangazi, "hili ua waliliingizaje bila kutoboa?" Sikuwa na jibu. Nikaahidi, kwa huu mdomo wangu usio na breki, kwamba likizo ya Agosti nitampeleka yeye na wanangu wawili wakaone pipi zikitengenezwa.

Viwanda vikubwa vya pipi ninavyovijua viko Nairobi. Nilipiga simu kimoja, wakasema hawapokei wageni. Kingine kikataka barua yenye mhuri wa shule na wanafunzi wasiopungua arobaini. Mimi nina watoto watatu, mhuri sina. Siwalaumu sana, sukari inayochemka ikikugusa inakuganda kwenye ngozi, si kama maji. Lakini likizo ilikuwa inayoyoma na yule kijana alikuwa ananiuliza kila asubuhi.

Aliyeniokoa ni mama anayeniuzia miwa pale soko la Kibuye. Nilimsimulia masaibu yangu akicheka huku akimenya. "Pipi si sukari iliyochemshwa? Kwetu Malava tunachemsha kila siku. Kwani lazima iwe na karatasi?" Akanipa namba ya msimamizi wa kiwanda kidogo cha jagari, yaani sukari nguru.

Swali la kwanza la msimamizi lilikuwa: "Wewe si wa serikali, mama?" Nikamhakikishia kwamba mimi ni mama tu mwenye watoto wasumbufu. Akalegea. Masharti yake: tufike kabla ya saa tatu, viatu vya kufunika vidole, na mtoto yeyote asikaribie rola za kukamulia miwa. Nilipouliza kiingilio akasema tutaongea tukifika. Tulipofika aliitisha soda za wapishi, basi.

Tuliondoka Kisumu alfajiri kwa matatu, Kiboswa, Majengo, Chavakali. Pale Ilesi niliwaonyesha lile jiwe linalolia, mwamba unaotiririka maji, wakalitazama kidogo kisha wakarudia kubishana nani atakaa dirishani. Kakamega tukabadilisha gari kushika barabara ya Webuye, na kutoka hapo ni trela za miwa mbele na nyuma, na vijana wakizichomoa fimbo za miwa kila gari likipunguza mwendo kwenye matuta.

Harufu ilitupokea kabla hatujaona kitu: moshi, na ndani yake utamu kama wa mahindi ya kuchoma yaliyoanza kuungua. Kiwanda chenyewe ni paa la mabati juu ya nguzo. Upande mmoja injini ya dizeli inazungusha rola za chuma, kijana anazilisha miwa mitatu minne kwa mkupuo. Maji ya miwa yanayotoka ni ya kijivu kijani, yana povu na uchafu. Binti yangu alinong'ona, "Mama, hiyo ndiyo tunakula?"

Maji hayo yalipita kwenye chujio, yakaingia karai la kwanza kati ya makarai manne yaliyopangwa mstari mmoja juu ya tanuri refu. Moto uko chini ya karai la mwisho, na joto husafiri chini ya mengine likitafuta bomba la moshi. Kwa hiyo maji mabichi huanza upande wa uvuguvugu na kuhamishwa kwa ndoo kuelekea kwenye moto. Kuni hakuna. Wanachoma makapi ya miwa ile ile, yaliyoanikwa uwanjani hadi yakakauka.

Kisha mpishi akamimina kikombe cha maji ya chokaa. Hapo watoto walinyamaza. Dakika chache tu, uchafu wote ukapanda juu kama blanketi la kahawia, naye akawa anauengua kwa upawa wenye mpini mrefu kumshinda yeye. Chini yake kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya rangi. Alituambia chokaa huua ule uchachu wa miwa. Bila hiyo jagari haigandi vizuri.

Kwenye karai la mwisho hakuna kipimajoto. Mpishi alichovya kijiti, akadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, akalifinya. Likasambaa. Akangoja. Mara ya tatu likawa gololi laini, akapiga ukelele, na watu wawili wakaepua. Mapishi ya sukari yanasema hapo ni karibu nyuzi 118, pipi ngumu huachwa hadi karibu 150, tone lilie "ka!" ukilivunja. Wakaimwaga kwenye beseni la mbao, wakaikoroga kwa koleo la mti, wakaijaza kwenye visanduku.

Mwanangu mkubwa aliuliza kilo kumi za miwa hutoa jagari ngapi. Kama kilo moja, akajibiwa. Na nani hununua? Msimamizi alinitazama kwanza. "Wapishi," akasema. "Wengine wa uji, wengine wa… vitu vingine." Anayeijua chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ameelewa.

Nilirudi na vipande vinne, nikajaribu kashata ya njugu usiku huo huo. Niliepua mapema, ikabaki uji wa kunata. Tuliila kwa kijiko. Kesho yake nikatumia kikombe cha maji baridi kama mpishi wa Malava, nikangoja hadi tone livunjike, nikatia njugu zilizokaangwa, nikamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, nikakata kabla haijapoa. Ile ikalia menoni.

Lakini deni la ua jekundu lilikuwa bado. Nilisoma jinsi wanavyofanya, nikachukua unga wa chapati uliokandwa nikaugawa mara mbili, nusu moja nikaitia rangi nyekundu ya keki. Tukasokota vijiti vyekundu, tukavizungushia unga mweupe, likawa gogo nene kama mkono wangu, na ua likionekana ncha zote mbili. Kisha nikamwambia yule kijana alivingirishe mezani na kulivuta polepole. Likarefuka, likawa jembamba kama kidole. Akalikata kwa kisu. Ua lilikuwa mle mle, dogo kama punje ya mtama. Akakata tena mbele kidogo, likawepo.

"Kumbe hawakuliingiza, Senje," akasema. "Walianza nalo kubwa."