Msomee kwanza, ndipo umrudishe kwenye silabi

Mwanakisomo, mtu mzima anayejifunza kusoma, anasoma bila kukwama: "Mpangaji atalipwa na mwenye nyumba." Muulize nani atatoa pesa, atakujibu: mpangaji. Hapo wawezeshaji wengi humrudisha kwenye silabi, na ni kupoteza muda. Silabi zote amezitamka sawa. Kilichomponyoka ni ile -w- ya kutendwa, pengo akaliziba kwa anachokijua maishani: mlipaji ni mpangaji.

Mwaka 1986 Gough na Tunmer, watafiti wa usomaji, waliliweka jambo hili kihesabu: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Mara, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Kumpima ni rahisi. Tafuta vifungu viwili vya ugumu unaolingana, kila kimoja maneno kama 80. Kimoja asome mwenyewe, kingine msomee wewe, kisha akusimulie kilichosemwa. Usimuulize "umeelewa?" Mtu mzima ataitikia ndiyo, yaishe. Akielewa kwa sikio na kushindwa kwa jicho, hapo sawa, mpe herufi na silabi. Asipoelewa hata kwa sikio, zungumzeni kwanza.

Mazungumzo yenyewe yawe na shabaha. Kabla ya kusoma, chagua maneno matano au sita yanayojaa kwenye maandishi lakini hayasikiki sana vinywani mwa watu: endapo, mhusika, kwa mujibu wa. Kila moja alitungie sentensi mbili kwa mdomo, za kazi yake au familia yake. Zaidi ya sita hayashiki.

Kiswahili kina mtego wake: neno moja hubeba sentensi nzima. Anayesoma wa-si-po-tu-li-pa kwa kusitasita hufika mwisho mwanzo umeshamtoka. Lianzeni mdomoni: wakitulipa, wasipotulipa, nisipowalipa. Mbadilishie nani halipi na nani halipwi mpaka ajibu bila kufikiri, halafu ndipo umwonyeshe karatasi. Mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza atahitaji hatua hii zaidi ya wengine wote. Na akitamka "zahabu" palipoandikwa dhahabu, usimkatize. Muulize ni kitu gani. Akikujibu ni madini ya kutengenezea pete, amesoma. Kilichobaki ni matamshi, na hayo yana siku yake.