Mlango wa Bweni Haufunguliwi kwa Hodi

Wiki yangu ya pili hapa chuoni Ohio, Marekani, nilimshikia mlango wa bweni kijana mmoja. Mvua inanyesha, yeye ana boksi la piza mkononi, mimi natoka. Nikafanya nilivyolelewa kule Kisauni: nikaukamata mlango, nikasogea kando, nikamwambia apite. Jioni hiyohiyo msimamizi wa ghorofa yetu, naye ni mwanafunzi kama sisi, akaja kugonga chumbani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Unamjua yule?" Simjui. "Basi usimfungulie. Kila mtu na kadi yake."

Nilinuna siku mbili. Mtu anafungiwaje mlango mvuani?

Habari za Jeanne Clery nilikuja kuzijua baadaye. Alikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Tarehe 5 Aprili 1986 aliuawa chumbani mwake bwenini na mwanafunzi wa chuo hichohicho. Muuaji hakuvunja kufuli. Alipita milango mitatu ambayo kazi yake ni kujifunga yenyewe, ila wakazi wa bweni walikuwa wameizuia isijifunge, nadhani kwa sababu ileile ya kwangu: kuna rafiki anakuja, asihangaike. Wazazi wake hawakunyamaza, na mwaka 1990 ikapita sheria inayovilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutangaza uhalifu unaotokea kwao. Ndiyo maana kila mwaka, kufikia Oktoba 1, tunatumiwa ripoti ndefu yenye majedwali ya miaka mitatu: wizi, ubakaji, mashambulizi. Mwaka wa kwanza niliisoma yote. Palipoandikwa sifuri nilifurahi, hadi msichana mmoja wa Bukoba tunayesoma naye akaniambia, "Dada, sifuri huenda ni ya walionyamaza."

Nyumbani usalama unakaa getini. Soja anakuandika kwenye kitabu, anachungulia mkoba, ukishapita umepita. Hapa geti hakuna. Ukuta hakuna. Basi la mji linasimama mbele ya maktaba, na wazee wanatembeza mbwa wao katikati ya madarasa. Mwanzoni niliona huu ni uzembe mtupu. Lakini Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, geti lilikuwepo na walinzi walikuwepo. Washambuliaji walianza na hao walinzi, kisha wakaingia mabwenini alfajiri. Watu 148 wakafa, wengi wao wanafunzi. Tangu siku ile mama yangu hasemi "chuo" bila kuvuta pumzi, na nilipopata nafasi ya huku swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna askari.

Wapo, tena polisi kamili wa chuo, wenye bunduki na magari. Ila kinachotushughulisha zaidi ni simu. Mwaka 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech, watu wawili walipigwa risasi bwenini kama saa 1:15 asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya chuo kuwaonya wanafunzi ilitoka saa 3:26. Muda mfupi baadaye yuleyule muuaji akaingia jengo la madarasa na kuua wengine 30. Sheria ikarekebishwa mwaka uliofuata: hatari ikishathibitishwa, chuo kiwaambie watu papo hapo. Sasa simu zinalia zote kwa pamoja, maktaba nzima, kama kuku walioshtuliwa.

Usiku mmoja wa Novemba zikalia hivyo. Mtu kaporwa karibu na maegesho. Mshukiwa: mwanamume mweusi, mrefu, jaketi jeusi lenye kofia. Basi. Tulikuwa watano mezani, na kaka yetu mmoja kutoka Goma, futi sita na ushee, alikuwa amevaa jaketi jeusi lenye kofia. Alilivua, akalikunja, akalitia kwenye begi. Nje ni baridi ya kukata masikio. Tukamzunguka, tukatoka naye wote mpaka mlangoni kwake, yeye katikati na fulana yake. Ujumbe ule ulitumwa ili tuwe salama. Sijui kama aliyeuandika alimfikiria yeye.

Kusindikizana kwenyewe, huku ni idara. Ukitoka maabara saa sita usiku unapiga namba, anakuja mwanafunzi mwenye kizibao cha kung'aa na redio, anatembea nawe hadi kwako. Mara ya kwanza aliyekuja alikuwa binti mdogo kuniliko, amebeba tochi. Nikamuuliza, na wewe nani atakusindikiza? Akacheka, akaonyesha redio. Sisi mgeni tunamfikisha stendi bila kuulizwa. Hawa wanalipwa kwa saa, na wanafika kweli.

Juzi mtihani wa mlango ulinirudia. Mvua, mimi niko ndani nasubiri lifti, nje ya kioo amesimama dada mgeni, sura yake ya kwetu kabisa, mifuko ya ununuzi mikono yote miwili. Akagonga. Akatabasamu. Nikamwonyesha kwa kidole pale pa kugusisha kadi. Akaweka mifuko chini kwenye maji, akapekua mkoba, mfuko mmoja ukapasuka, viazi vikabiringika. Taa ilipowaka kijani nikatoka mbio kumsaidia kuokota.

"Asante," akasema, kwa Kiswahili safi cha Tanga, na jicho lake halikunitazama. Kesho yake kwenye lifti nilimsabahi. Aliitazama simu yake mpaka ghorofa ya nne.