Mwani Ulioanikwa Barabarani Jeju

Ndege ya Busan kwenda Jeju haimalizi saa nzima angani. Ilikuwa Aprili 2019, mitihani ya katikati ya muhula imekwisha, na mimi na mwenzangu, msichana wa Mombasa tuliyesoma naye chuo kimoja, tulikuwa tumeweka akiba ya posho ili tukione kisiwa ambacho kila Mkorea tuliyekutana naye alitusisitizia tusiondoke nchini bila kukifika. Wengi wao hawakusema nenda ukatembee. Walisema nenda ukale.

Tulipokaribia kutua, Hallasan ilikuwa imefunikwa na mawingu kuanzia kiunoni kwenda juu. Ndiyo mlima mrefu kuliko yote Korea Kusini, mita 1,947, na kisiwa kizima kimetokana na volkano. Kuuzunguka kuna vilima zaidi ya 300, na kila kimoja kilikuwa mdomo wa moto kwa wakati wake. Mimi nimezaliwa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, ambako jiwe ni la matumbawe, jeupe na lenye makali. Jeju jiwe ni jeusi, lina vitundu tele, na limo katika kila kitu: ukuta wa nyumba, uzio wa shamba, kaburi, hata sanamu za wazee wenye kofia na macho makubwa wanaolinda milango. Mashamba yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, na kati ya jiwe na jiwe unaona mwanga. Upepo wa pale ni mkali kweli kweli. Unapita kwenye nafasi hizo na ukuta unabaki umesimama.

Usiku wa kwanza tulipita mtaa mzima wa mikahawa ya nguruwe weusi, chakula kinachowaleta watu kutoka Seoul. Sisi sote wawili ni Waislamu, kwa hiyo tulikwenda moja kwa moja kwenye samaki, na wala hatukujuta. Tuliagiza galchi, samaki mrefu bapa, anayeng'aa kama panga lililotoka kunolewa. Aliletwa mzima kwenye sufuria ndefu, amepikwa na figili nyeupe na pilipili mpaka mchuzi umekuwa mzito. Mwenzangu alikula kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Dada, huyu akiwekewa nazi tu, tumefika nyumbani."

Asubuhi tulipanda basi namba 201, linalofuata pwani ya mashariki kuelekea Seongsan. Kulia mashamba na kuta nyeusi, na vipande vya maua ya manjano yaliyokaribia kwisha, kushoto bahari. Tulikuwa tumefika upande wa Gujwa nilipoona kitu cheusi kimetandazwa ukingoni mwa barabara, mwendo mrefu, na akina mama wenye kofia pana wamechutama wanakigeuza. Nilikijua kabla sijakiona vizuri, kwa harufu iliyoingia dirishani. Ulikuwa mwani. Nikabonyeza kengele na tukashuka kituo kilichofuata. Mwenzangu alidhani ninaumwa.

Mama yangu analima mwani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani karibu mwaka 1989, nami nimekulia ndani yake: kwenda na maji yakipwa, kupiga vigingi, kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, zile nyuzi fupi, kurudi maji yakijaa na gunia kichwani, kuanika, kugeuza, kuwahi kuzoa mvua isije. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Kwa hiyo kusimama Korea, mbali kiasi kile, na kuwaona wanawake wa umri wa bibi yangu wamechutama vilevile, wanageuza vilevile kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika goti, kulinishika koo.

Tuliinama kuwasalimu kwa Kikorea. Wazee wa Jeju wana lugha yao, na Kikorea tulichofundishwa darasani hakikutosha kuwaelewa. Bahati nzuri mmoja wao alikuwa na mkwewe pale, na huyo ndiye aliyetufasiria. Mwani ule unaitwa tot. Haupandwi, unaota wenyewe juu ya mwamba, na kijiji kizima huteremka kuukata siku iliyokubaliwa, hata wanaume, ambao kazi yao kubwa ni kubeba. Siku zisizo za tot wanawake wale huzamia. Walikuwa haenyeo, wanawake wa bahari.

Nilikuwa nimesoma habari zao, lakini habari haikuwa imenitayarisha kwa bibi wa miaka 78 anayesema kwamba juzi alikuwa chini ya maji na kesho atarudi. Hawatumii mtungi wa hewa. Wanavuta pumzi, wanashuka hata mita 10, wanabandua kitu mwambani kwa chuma bapa, wanapanda. Kwa siku wanaweza kuwa baharini kwa muda wa saa sita au saba. Zamani kazi hii ilikuwa pia ya wanaume, waliolazimika kupeleka jeonbok, aina ya konokono wa bahari, kwa mfalme kama kodi. Mzigo ulipozidi, wanaume wengi walikimbia kisiwa, na kazi ikaangukia mikononi mwa wanawake. Ardhi ya Jeju haishiki maji. Mvua inanyesha kwa wingi na yote inazama kwenye jiwe lile lenye matundu, kwa hiyo mpunga ni haba, watu waliishi kwa shayiri na mtama mdogo, na pesa ilitoka baharini. Pumzi za wanawake zimelisha nyumba, zimejenga nyumba, zimesomesha watoto. Miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 20,000. Leo hawafiki 3,000, na wengi wao ni bibi.

Nikamwambia bibi yule kwamba mama yangu naye ni mtu wa mwani. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja, nikaona aibu kwa ulaini wake. Akauliza, "Anazamia?" Nikamweleza kwamba hapana, wanapanda kwenye maji mafupi, wanafunga kwa kamba. "Wanafungaje?" Nikaokota utepe wa tot, nikamwonyesha fundo la taitai kwenye uzi wa kofia yake, lile nililofundishwa kabla sijaanza shule. Akalifungua, akalifunga mwenyewe, akalirudia. Wenzake wakaja kutazama. Hapo mkwewe hakuwa na la kufasiri.

Bibi alituambia pia kwamba tot wa mwaka ule ulikuwa mfupi kuliko wa miaka ya nyuma. Bahari inapata joto, na chini kwenye miamba mwani unatoweka, mwamba unabaki mweupe, na wale konokono wanaoula mwani wanaondoka. Nilitaka kumwambia kwamba hata kwetu ule mwani mnene wenye bei nzuri, kotonii, unaoza na kukatika maji yakipata moto, na akina mama sasa wanaufuata kwenye maji marefu wakati wengi wao hawajui kuogelea. Kikorea changu kilifika nusu ya sentensi hiyo. Lakini alielewa, maana alitikisa kichwa mapema, kabla mkwewe hajasema neno.

Jumba la makumbusho la haenyeo liko hapo hapo upande wa Hado, tukaingia. Kuna boya wanaloelea nalo wakipumzika, wavu unaoning'inia chini yake, na nguo nyembamba za pamba walizovaa hata wakati wa baridi kabla ya suti za mpira kuingia miaka ya 1970. Kuna habari za wanawake walioandamana mwaka 1932 dhidi ya ushirika ulioendeshwa na watawala wa Kijapani, kwa sababu ya bei waliyopunjwa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mwenzangu alivyopenda. Wanawake wenye zana za kuzamia mikononi, wanadai bei ya jasho lao! Mwaka ule wa 2019 kilo ya mwani mkavu wa kawaida kwetu ilikuwa haifiki shilingi elfu moja, na bei ilipangwa na mnunuzi.

Kilichonikaa zaidi ni bulteok, duara la mawe ufukweni lenye moto katikati. Hapo ndipo wanapobadili nguo na kuota moto, na kila mtu hukaa kwa daraja lake la uzamiaji. Na hapo ndipo wanapoamua: siku gani bahari inafunguliwa, siku gani inafungwa, nani mgonjwa apewe sehemu ya karibu na pwani. Konokono wa sora aliye chini ya sentimita 7 anarudishwa. Anayeanza kazi anafundishwa kwanza kuipima pumzi yake, asije akaona jeonbok moja ya mwisho, akaishiwa na hewa akiwa chini. Wengine wamekufa hivyo.

Seongsan tulifika mchana. Ilchulbong ni kilima cha mita 182 kilichozaliwa miaka 5,000 hivi iliyopita, volkano ilipolipuka ndani ya maji mafupi ya bahari, na moto na maji vikagombana mpaka majivu yakajijenga kuwa kuta. Unapanda ngazi, miguu inawaka, kisha unafika juu na kuona bakuli pana la majani mabichi lililozungukwa na ncha za miamba, na nyuma yake bahari tupu. Ni pazuri, sina la kupunguza. Karibu na hapo pana ufuo ambao watu wengi wa kijiji waliuawa baada ya uasi wa Aprili 3, 1948. Katika miaka ile, hadi 1954, inakadiriwa kisiwa kilipoteza watu kati ya 25,000 na 30,000, na kwa miongo mingi haikuruhusiwa hata kulizungumza hilo. Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2003. Mwezi ule muuza duka aliyetuuzia maji alikuwa amebandika kifuani ua jekundu la kamelia, alama ya kuwakumbuka. Alipoona namtazama, aligusa lile ua na kusema, "Babu yangu."

Chini ya kilima haenyeo huonyesha watalii wanavyozamia, kisha huuza walichokitoa. Hapo ndipo niliposikia mluzi wao. Kila anayetoka majini anatoa pumzi yote kwa sauti nyembamba ya juu kabla ya kuvuta nyingine, na kila mmoja ana sauti yake, hata wenzake humtambua bila kumwona. Tulinunua sahani ya pweza, sora na jongoo bahari mbichi waliokatwa vipande. Mwenzangu alikula pweza tu. Mimi nilijaribu yote, na sora niliirudia: ngumu kidogo, tamu, yenye chumvi ya bahari ile ile iliyotoka.

Jioni tulikula jeonbokjuk, uji wa mchele uliopikwa na mafuta ya ufuta na jeonbok, konokono mwenye gamba bapa linalometa rangi zote ndani. Uji unakuwa wa kijani kibichi kwa sababu matumbo yake yanasagwa yakatiwa humo. Sijawahi kula uji wa maana kama ule, wala sidhani nitaula tena bila kufikiria muda ambao mtu aliizuia pumzi ili ufike mezani.

Kesho yake tuliingia Manjanggul, pango lililochimbwa na mto wa lava, urefu wake zaidi ya kilomita 7, ingawa sisi wageni tulitembea moja tu. Baridi, giza, maji yanadondoka. Mwishoni kuna nguzo ya lava yenye mita 7.6. Tukapiga picha, tukatoka kutafuta jua.

Usiku huo nilimpigia mama, nikamtumia na picha za tot barabarani. Alizikuza moja moja. "Hawa wanaanika chini, mchanga hauingii?" Nikamwambia wanatandika wavu. Akauliza mnunuzi wao ni nani. Nikamweleza kwamba kijiji kina ushirika, kwamba tot inauzwa kwa pamoja na mapato yanagawanywa, kwamba siku za kuvuna wanazipanga wanawake wenyewe wakiwa wameuzunguka moto. Nikamsomea kanuni nilizoziandika kwenye daftari pale makumbusho, ile ya sentimita 7, ile ya wagonjwa, ile ya siku za kufunga bahari.

"Rudia hiyo ya wagonjwa," alisema. Nikarudia. Nikamsikia anamwita jirani yetu kwa sauti kubwa, Bi mkubwa wa kikundi chao cha mwani, aje aisikie mwenyewe. Nikaisoma upya kuanzia mwanzo, polepole, na mara hii simu ilikuwa imewekwa spika.