Nyumba za juu ya mawe zipimwe radoni jamani

Kama umekaa Mwanza unajua, nyumba za mlimani zimekalia mawe moja kwa moja, Igogo, Mabatini, Bugando huko, fundi anachonga jiwe kidogo, anamwaga zege, anapandisha ukuta. Kwa mama mdogo wangu Mabatini chumba cha nyuma ukuta mmoja ni jiwe lenyewe limepakwa rangi tu, na pale linapokutana na sakafu kuna ufa sisimizi wanapita kwa mstari. Siku hizi wameweka madirisha ya aluminiamu yanabana hasa, usiku wanafunga kila kitu sababu ya mbu na vibaka. Hicho chumba kinaninyima raha.

Manake haya mawe ni granaiti, na granaiti huwa na urani (madini yenye mionzi) kidogo ndani yake, inavunjika polepole mpaka inakuwa radiamu, radiamu nayo inatoa radoni ambayo ni gesi yenye mionzi, haina rangi wala harufu, inapenya kwenye nyufa inaingia ndani. Nje inapotelea hewani, ila chumba kikibana inajaa humo humo na ukiivuta miaka na miaka inaleta saratani ya mapafu, hasa kwa mvuta sigara. WHO wanashauri isizidi bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, ikishindikana kabisa isivuke 300.

Najua mtu atasema mbona tumezaliwa hapa na tunadunda. Sawa, ila kwa macho hujui kitu. Marekani mwaka 1984 injinia Stanley Watras alikuwa kazini kwenye kinu cha nyuklia Pennsylvania, king'ora cha mionzi kikawa kinamlilia, na kinu chenyewe hata hakijaanza kazi! Kumbe mionzi anatoka nayo nyumbani, walivyopima kwake wakakuta radoni kama bekereli 100,000 kwa mita ya ujazo.

Kupima hakuna makuu. Kuna kikopo chenye kipande cha plastiki maalum, mionzi ya radoni inayoitwa alfa inakichora vialama vidogo mno, unakiacha miezi 3 au zaidi halafu maabara wanahesabu alama kwa hadubini. Vipo vya mkaa vya siku chache, ila radoni inapanda usiku inashuka mchana, inabadilika na majira, so mimi naamini vya muda mrefu. Weka chumba cha kulala cha chini, usawa wa kitanda, mbali na dirisha, jikoni na bafuni hapana, na muishi kama kawaida.

Mama mdogo kaniuliza, "Sasa mwanangu wakikuta iko juu tuhame?" Hapana mama, hamhami. Mnaziba ufa, mnaacha dirisha lenye wavu wazi, ikigoma fundi anapitisha bomba toka chini ya sakafu mpaka juu ya paa na feni ya kuvuta. Kifaa nitaanza kuulizia TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ndo wenye mambo ya mionzi nchini.

Na wewe unayemwaga msingi saa hizi Nyegezi au Buswelu, mwambie fundi atandike nailoni nzito chini ya zege na aache bomba moja limechomoza, baadae feni ikihitajika unafunga tu bila kubomoa sakafu.