Taa za ruta, hatua ya pili: diski na printa

Hatua hii inahusu taa mbili za mbele kwenye ruta yangu ya OpenWrt (mfumo wa Linux wa ruta). Nataka moja iwake diski ya nje ikiwepo, nyingine iwake printa ikiwepo. Ruta iko juu ya kabati, na kuwasha kompyuta ili tu kujua kama waya umelegea kunachosha.

Kwenye Linux kila taa ina folda yake ndani ya /sys/class/leds. Ukisoma faili la trigger humo unapata orodha ya vichochezi, yaani mambo yanayoweza kuiongoza taa, na kinachotumika kwa wakati huo kiko ndani ya mabano ya mraba. Ninachokihitaji ni usbport, ambacho kimo kwenye kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 4.9 la mwaka 2016. Hakikuwamo kwenye orodha yangu hadi niliposakinisha kifurushi cha kmod-usb-ledtrig-usbport.

Nimekichagua kwa sababu taa haifuati umeme. Tundu la USB hutoa volti 5 hata kama nyaya za data zimekatika, hivyo taa iliyounganishwa na umeme peke yake ingekudanganya. Hii huwaka kerneli ikishakitambua kifaa.

Printa haikuwa na shida. Niliandika usbport kwenye trigger, folda ya ports ikajitokeza, nikaandika 1 kwenye faili la mlango wake. Kuchomeka tu, taa ikawaka.

Diski ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa nimeandika 1 kwenye faili la mlango wa usb1-port1 pekee, flashi ya zamani ikawasha taa, lakini diski mpya kwenye tundu lilelile haikuwasha kitu, ingawa ilisomeka vizuri. Sababu ni kwamba tundu la USB 3.0 lina njia mbili zisizochangia nyaya za data: pini 4 za USB 2.0, na nyingine 5 za mwendo wa kasi. Kerneli huzihesabu kama milango miwili kwenye basi (njia za USB) mbili tofauti. Tundu moja, milango miwili! Nikaongeza usb2-port1, na sasa kifaa chochote kinaonekana, cha kasi au cha polepole.

Mipangilio ya /sys hupotea ruta ikizimwa, kwa hiyo ya kudumu nimeiweka kwenye /etc/config/system:

config led 'taa_diski'
    option name 'Diski'
    option sysfs 'green:usb1'
    option trigger 'usbport'
    list port 'usb1-port1'
    list port 'usb2-port1'

Kisha /etc/init.d/led restart. Jina la sysfs hutofautiana kati ya ruta na ruta, kwa hiyo liangalie kwako kabla ya kunakili.

Limebaki jambo moja ninalolitaka sana. Diski kutambuliwa si sawa na mafaili yake kuwa tayari kusomwa. Nitaandika skripti ya kuweka ndani ya /etc/hotplug.d/block, itakayotumia kichochezi cha timer ili taa ipepese diski inapokuwa bado haijapachikwa (mount), yaani mafaili yake hayajawa tayari, kisha itulie.