Kiti Kimoja, Maneno Mawili

Jana usiku binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Mama, hii 'my' ni kitu gani? Mwalimu kasema adjective, kitabu kinasema determiner." Nilikuwa napepeta mchele. Nikaweka ungo chini, maana hilo neno mimi nimewahi kulivaa shingoni.

Kidato cha kwanza, kule milima ya Usambara, miezi ile ambayo ukungu unaingia mpaka darasani. Miaka saba ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu ghafla hesabu, baiolojia, jiografia, vyote kwa Kiingereza. Na kulikuwa na kibao. Waliosoma shule kama yetu wanakijua: kipande cha mbao kilichotobolewa juu na kutiwa kamba ya katani, upande mmoja kimeandikwa "Speak English". Ukikamatwa unasema Kiswahili unavishwa, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Siku hiyo nilikuwa nacho mimi. Kosa langu lilikuwa kusema, "Sogea kidogo."

Madamu wa Kiingereza aliniita ubaoni nitafsiri "Kitabu changu hiki ni kipya". Nikaandika: "This my book is new." Sikuona kosa liko wapi. Kitabu kimo, changu imo, hiki imo, nimepunguza nini?

Hakufuta. Alikwenda kwanza kufunga mlango. Kisha akavuta viti vitatu mbele ya darasa, akavipanga mstari mmoja, na mwisho wa mstari akamsimamisha mvulana mmoja mrefu mwenye karatasi ya boksi iliyoandikwa "books". Kiti cha kwanza, akasema, ni cha "all", "both" na "half". Cha tatu ni cha "two", "many", "other". Cha katikati ndicho chenye wenyewe wengi: "a", "the", "this", "that", "my", "your", "every". Akagawa makaratasi. Yalipofika kwangu yalikuwa yamekwisha. Akanivua kibao, akakigeuza upande usio na maandishi, akaandika "my" kwa chaki, akanivisha tena.

Tukakaa. Darasa likasoma: "All my other books." Vizuri. Akawainua "all" na "other", akamwambia "books" aikunje karatasi yake ili ile "s" ijifiche, halafu akamwita jirani yangu wa dawati, aliyeshika "this".

"Kaa."

Wapi? Kiti chake kilikuwa changu. Akakaa hivyo hivyo. Tukagawana, kila mmoja paja moja hewani. Kiwiko chake kilikuwa kwenye mbavu zangu, na kwa baridi ile joto lake nalihisi kupitia sweta. Nilikanyaga sakafu kwa nguvu nisianguke. Naye alikuwa anakanyaga.

Hapo ndipo Madamu akasema Kiswahili. Kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Nyumbani kwenu mnakaa wote. Kitabu changu hiki. Hiki kitabu changu. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Hapa kiti ni kimoja, mmoja lazima ainuke."

Hatukuinuka. Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Katika kumbukumbu yangu ni muda mrefu, darasa kimya, kamba ya katani inanikwaruza shingo.

Mwishowe akanishika mkono. Hakunirudisha kwenye dawati. Alinizungusha nyuma ya yule mvulana wa "book", akachora "of" kwa chaki sakafuni katikati yetu, akafuta "my" kwa kiganja chake na kuandika "mine". Darasa likasoma: "This book of mine." Nikatazama mstari mzima, nikaona nimesimama palepale ambapo "changu" husimama siku zote: baada ya kitabu.

Miaka ya chuo niliipitisha na sarufi. Viti vile vile nikavikuta katika ile sarufi nene ya Kiingereza ya Randolph Quirk na wenzake ya mwaka 1985, vikiwa na majina makubwa zaidi. Na ugomvi wa mwalimu wa binti yangu na kitabu chake nikauelewa. Sarufi za zamani ziliita "my" adjective, yaani kivumishi, kwa sababu inatangulia nomino kama "big". Lakini "big" ina ukarimu: "big old red house", wanakaa watatu bila shida. Tena "big" peke yake haitoshi. Huwezi kusema "I bought big house" ukaishia hapo. Ukiweka "my", sentensi inasimama. Ndiyo maana wanaisimu wakayatenga maneno haya. Kwa Kiswahili tunayaita vibainishi. Na "mine" ikaenda upande mwingine, kwa viwakilishi, kwa kuwa inasimama bila nomino. Haya yote nilimweleza binti yangu, naye akaandika "determiner", akaendelea na swali la pili.

Mimi ndiye niliyebaki na langu.

Kengele ilipolia siku ile, Madamu alifungua mlango, akaanza tena Kiingereza chake, akatoka. Kibao hakunivua. Jioni nilipokirudisha kwa kaka mkuu, kikiwa kimejigeuza shingoni, nikaona chaki imehamia kwenye sweta langu la bluu, kifuani, herufi zimegeuka: "mine" inayosomeka kutoka kulia. Sijui mpaka leo kama alikigeuza kile kibao kwa makusudi, ili kwa dakika arobaini nibebe neno badala ya aibu, au karatasi zilikuwa zimemwishia tu. Alihamishwa muhula uliofuata, na sikumuuliza. Sweta sikulifua mpaka Jumamosi.